Asanteni kwa Mchanga

Kila Disemba shule zikifungwa, nchi nzima huanza kuisifu pwani. Wenye vyumba vya kukodisha husifu upepo wa kaskazi. Walioshuka Miritini husifu treni, waliokuja kwa barabara humsifu dereva, na wote kwa pamoja husifu mahamri na mbaazi. Wapiga picha wa ufuoni hulisifu jua, wenye ngamia huwasifu ngamia, nalo dafu halihitaji wakili. Katika makelele yote hayo kuna mmoja asiyetajwa, naye ndiye pekee anayebaki wageni wakishaondoka: mchanga.

Simaanishi ule uliolala ufuoni ukipigwa picha. Ule una watetezi wa kutosha. Namaanisha ule unaosafiri. Ule unaoingia nyumbani kwangu Kisauni ndani ya champali, kwenye pindo za kaptula, katika masikio ya wapwa zangu na ndani ya nywele za shemeji. Ukapanda kitandani bila kukaribishwa, ukashuka jikoni, na hata mwezi wa tatu ukawa bado unaishi kwenye droo ya vijiko. Kwa heshima ya mchanga huo naomba msimame kidogo. Mkiwa mmevaa viatu itakuwa bora zaidi.

Nina mamlaka ya kuusifu, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Katika likizo ya ufuoni ya ukoo wetu cheo hicho hakigombewi. Dada yangu aliolewa Nakuru, ami yetu alihamia Nairobi kikazi, shemeji akajenga Thika. Mimi nikabaki Mombasa, na kwa kubaki huko nikawa hoteli. Wao huja na gunia la viazi na kabeji kubwa, wakatua mizigo mlangoni na kutamka kwa furaha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami kila Januari hujipima, nikaona bado naumwa.

Fadhila ndogondogo za mchanga nitazipita haraka, maana ni nyingi na jambo kubwa liko mbele. Hauna ubaguzi: humwingia meneja na mwanafunzi mahali palepale, na wote wawili hujikuna kwa namna ileile. Hufundisha adabu za mezani, kwa sababu mtu aliyewahi kukutana na chembe ndani ya pilau hutafuna polepole, mdomo umefungwa, macho yakitazama mbali. Huleta riziki kwa vijana: Januari fundi bomba huja kufungua mfereji wa bafu, akachota kilichomo kwa kopo, akanitazama kwa huruma na kuniuliza, "Mzee, mnajenga?" Tena hudumisha ndoa. Hakuna swali ambalo mimi na mke wangu tunaafikiana juu yake upesi zaidi ya lile la wageni kuondoka, nasi huafikiana usiku, kimya kimya, tukikung'uta shuka.

Fadhila ya subira nilikusudia kuieleza kwa upole, lakini sijui kama nitaweza. Watu wa bara hudhani Mombasa ina maji kwa kuwa imezungukwa na maji. Maji yetu ya kunywa hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na kwa jinsi yanavyofika mtu angedhani yanakuja kwa miguu. Mfereji ukikauka tunanunua mtungi wa lita 20 kwa muuza maji mwenye mkokoteni. Uani kuna kisima. Nimewaonyesha kisima. Nimeweka ndoo, kopo, hata kigoda cha kukalia, ili mchanga utolewe pale kabla ya mtu kuingia ndani. Basi mtoto wa miaka saba anaingiza kidole, analamba, anamwambia mama yake kwamba maji haya yana chumvi, na mtungi wangu wa kununua unamiminwa kwenye miguu yake. Ameshinda baharini tangu asubuhi! Ameinywa bahari, ameipiga chafya, amelala ndani yake, kisha kisima changu ndicho chenye chumvi!

Turudi kwenye sifa.

Fadhila kuu ya mchanga wa wageni, ile inayostahili kuandikwa kwa wino na kupigwa muhuri, ni kwamba unanipa ardhi. Nyumba yangu ni nyumba bila shamba. Msomaji wa Mombasa ameshaelewa. Wa bara avumilie maelezo mafupi. Kuta ni zangu, mabati ni yangu, mlango niliuchongesha mwenyewe kwa fundi, lakini ardhi iliyo chini ya vyote hivyo ni ya mtu mwingine, nami ninailipia kodi. Ajenti huja na kitabu cha risiti. Mwenye shamba mimi sijamwona, wala marehemu baba hakumwona, ingawa alimlipa maisha yake yote. Siku mwenye shamba akiamua kuuza, ninaruhusiwa kuondoka na nyumba yangu. Sheria hainizuii kabisa. Anayenizuia ni nyumba yenyewe, ambayo haijazoea kutembea.

Sasa fuateni hoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma, na ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Huko ndiko hasa wageni wangu wanakoshinda. Hawachezi juu, kwenye nyasi za watu, wala hawaendi chini mwambani, kwenye miiba. Huchezea katikati, kwenye mchanga uliolowa, ndani ya mipaka halisi ya kifungu cha 62, na jioni wanauleta kwangu. Ninachopokea mlangoni, basi, ni ardhi ya umma inayohamia mikononi mwa mtu binafsi, bila kamati, bila wakili, bila ushuru wa stempu, tena ikibebwa na watu wasiojua wanachofanya. Hilo la mwisho ndilo pekee linalowatenga na waliowatangulia katika kazi hiyo.

Tufanye hesabu kwa utulivu. Tuseme chembe moja ina unene wa nusu milimita. Ukitandaza kilo 1 ya mchanga, chembe kando ya chembe bila kupandana, utafunika zaidi kidogo ya mita 1 ya mraba. Kiwanja cha kawaida, futi 50 kwa 100, ni mita za mraba 465 hivi. Kilo 350 zinakitosha, yaani uzito wa mifuko 7 ya saruji. Ukoo wetu si mdogo. Ukiletwa wote, ukapelekwa ufuoni kutwa, na ukakatazwa kufuta miguu mlangoni, unaweza kunikamilishia kiwanja nikiwa bado na nguvu za kukizungushia ua.

Nimechunguza pia ni nani anayezalisha vizuri. Mtoto wa miaka mitano ni hazina: ana mikunjo mingi, huketi popote, na mifuko yake hujaa bila kuagizwa. Wa miaka 15 hana faida, hukaa kivulini na simu. Shangazi akiingia majini na dera, huyo ni lori. Dera lililolowa, likiburuzwa kutoka ufuoni hadi stejini na kutoka stejini hadi kwangu, hubeba zaidi ya watoto wawili, na hushusha mzigo wote sebuleni kwa mpigo mmoja anapoketi. Baba yao watoto, anayejifanya hakanyagi mchanga, huleta kidogo sana, naye ndiye hulalamika zaidi. Kuzoa mchanga kwa lori la kweli kunataka kibali. Kuuzoa kwa masikio bado hakujawekewa kanuni.

Ubora wa ardhi yenyewe usipuuzwe. Mchanga mweupe wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na mmoja wa wasagaji ni pono. Samaki huyu huguguna mwamba akitafuta mwani, husaga alichokiuma kwa meno yaliyomo kooni, na kisichomfaa hutoka upande wa pili kikiwa mchanga safi. Sisi tumemfanya mfano wa usingizi, tukimwona mtu mvivu tunasema analala usingizi wa pono. Kumbe mwenzetu mchana kutwa yuko kazini, anatengeneza ufuo. Nawafahamu matajiri wa ufuo huo ambao hawajawahi kutengeneza hata chembe moja, kwa njia yoyote ile.

Wapo wanasheria watakaosema kwamba ardhi yenye unene wa chembe moja si ardhi. Ninawaheshimu, na ninawauliza: karatasi ina unene gani? Maana pwani hii imemilikiwa kwa unene wa karatasi kwa zaidi ya karne. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya mwambao wa maili 10, ule uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina na wa Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwenye ardhi alitakiwa apeleke madai yake mbele ya afisa, pamoja na ushahidi. Waliozijua karatasi walikwenda. Wamijikenda wengi waliolima kwa desturi za wazee wao hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu, walikuwa na mikorosho na makaburi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji. Uhuru ulipofika 1963 Taji liliondoka, ardhi ikabaki serikalini, na serikalini kila mtu ana rafiki yake. Ndivyo viwanja vya kando ya bahari vilivyopata wenyewe ambao hawakuwahi kulowa. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilikabidhi ripoti yake kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ilikuwa ripoti nene. Ingetandazwa kurasa kwa kurasa ingefunika viwanja kadhaa. Badala yake ikafunikwa yenyewe.

Kwa hiyo msinicheke na chembe zangu. Zina urefu, zina upana, zina unene unaoweza kupimwa, na zaidi ya yote zipo. Ukizikanyaga usiku unakwenda kunywa maji, utazikiri.

Tatizo ni kwamba biashara hii ya kuniletea shamba imeanza kuzorota, na kosa si la wageni. Kosa ni la njia. Utotoni mwangu palikuwa na kichochoro kilichotoka barabarani hadi baharini. Wavuvi walipita hapo kwenda dikoni, mama karanga walipita na karai zao kuwasubiri, na sisi watoto tulipita mbio, bila sababu. Hakikuwa na jina wala kibao, na hakuna aliyedhani kinahitaji. Disemba iliyopita niliwaongoza wageni kwenye njia hiyo, mimi mbele, watoto na maboya yao katikati, shangazi nyuma na dera lake tayari kwa kazi. Tukafika kwenye ukuta. Juu umepandwa vipande vya chupa, katikati una lango, na langoni kijana wa watu amevaa buti na koti la mvua kwenye jua la saa sita.

"Shikamoo mzee. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Baharini."

"Hapa si njia."

"Bahari imehama?"

"Bahari ipo mzee, hapo nyuma yangu. Lakini hapa si njia."

Naye alisema kweli, ilikuwepo. Tuliisikia. Tulisimama pale, watu wazima na watoto, tukiyasikiliza mawimbi kupitia ukuta, mpaka shemeji wa Thika akanigeukia na kuniuliza mbele ya watoto, "Si ulisema nyinyi mnakaa pwani?"

Yule kijana sina neno naye. Tulizungumza kidogo, kwao ni Ganze, bara ya Kilifi, na hata yeye hajawahi kuoga upande wa pili wa lango analolilinda. Mwajiri wake hamjui pia. Huenda ni yuleyule mwenye shamba langu. Watu wasioonekana wana kawaida ya kumiliki vitu vinavyoonekana sana.

Tukapanda matatu hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao kila mtu anauita Pirates, na pale tukawakuta Wakenya wengine wote. Familia kwa familia, sufuria kwa sufuria, mipira ya magari ya kukodi, ngamia wakipita kati ya mikeka, wauza mabuyu na viazi karai, mtoto aliyepotea akitangazwa kwa kipaza sauti na mtoto mwingine akipotea wakati wa tangazo. Nchi ina zaidi ya kilomita 500 za pwani, nasi tulikuwa tumekaa goti kwa goti na watu wa Kitale. Mkisikia mchanga unaingia masikioni, msidhani ni utundu wa watoto. Ni kwamba mchanga ni mchache na watu ni wengi, lazima uingie mahali.

Hata hapo tulikaa kwa muda tu, maana bahari nayo ina ratiba. Maji kwetu hujaa mara 2 kwa siku na kupwa mara 2, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Hebu isomeni tena katiba mkiwa na jambo hilo akilini. Pwani ilipogawanywa, wakubwa walichukua pakavu, na umma ukapewa kile kipande ambacho bahari hukifunika mara 2 kwa siku. Sisi ndio wamiliki pekee nchini ambao mali yetu ina saa za kufungua na kufunga. Maji yakipanda, mwananchi hufukuzwa na wimbi upande mmoja na ukuta upande wa pili, akabaki amenyanyua sufuria ya pilau kichwani, juu ya ardhi yake mwenyewe, akitafuta pa kuiweka.

Na ukuta hauridhiki na hapo. Ukijengwa karibu mno na maji, wimbi huupiga kwa nguvu, hurudi na mchanga, na ufuo ulio mbele yake huliwa mwaka hadi mwaka. Wenye kuta hushangaa, huleta wataalamu, hujenga ukuta mwingine wa kuulinda wa kwanza. Mimi sishangai. Mchanga una akili kuliko tunavyodhani. Unajua palipo na watu wa kuchezea, na pasipo na watu unaondoka.

Januari hii ajenti alikuja na kitabu chake. Wageni walikuwa wamekwishaondoka, mke wangu yuko uani na ufagio wa chelewa, nami niko mlangoni nikimzuia asifagie kwa pupa, maana sebule ilikuwa imefikia kiwango kizuri. Ajenti alinieleza kwamba kodi imepanda. Eneo limepata thamani, alisema, kwa sababu liko karibu na bahari. Nilimuuliza kama amewahi kujaribu kwenda huko kwa miguu akitokea hapa. Alisema hana muda wa kuogelea. Nikamweleza kuhusu kifungu cha 62, unene wa chembe na mifuko 7 ya saruji, nikamwomba kwa heshima anitofautishie katika risiti ni kodi ya ardhi ipi anayoidai, ile ya chini ambayo ni ya bosi wake, au hii ya juu niliyoletewa na wapwa zangu. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akapuliza meza, akafungua kitabu, akaandika kiasi kipya.

Kwa wageni wangu, basi: njooni tena Disemba. Leteni viazi, leteni kabeji, leteni wale wa miaka mitano kwa wingi, na shangazi asikose. Kisima nitakificha.

Na kwa serikali ninayo ahadi. Najua fika mchanga huu si wangu. Ni mali ya umma, katiba imesema, nami ni mtu wa kutii katiba. Siku itakapotangazwa kwamba waliochukua ardhi ya umma ya pwani wairudishe, nitaurudisha wote kwa toroli, hata uliobaki katika pindo la dera. Ninaomba mambo mawili tu. Foleni ipangwe kwa ukubwa wa kilichochukuliwa, wenye ekari mbele, wenye chembe nyuma. Na yule kijana wa langoni aambiwe mapema kwamba toroli langu litapita pale, maana ndiyo njia fupi ya kwenda baharini.